Namba Moja, Watu Sita

Sehemu ya nne

Kama hukuwa nami juma lililopita, nikuambie kwa kifupi nilipoteleza, usije ukanionea huruma nisiyoistahili.

Mimi ndiye niliyeunda mfumo wa kadi za wagonjwa katika hospitali yetu. Nilitoka chuoni na cheti kinachonukia wino, nikaapa kwamba hakuna mgonjwa atakayepotezewa faili lake tena. Kila mtu nikamtambulisha kwa namba yake ya simu. Nani siku hizi hana simu?

Kisha Jumanne moja, saa nane mchana, nikaona namba nyingi zimejirudia. Nikaamua kuwa hizo ni kadi za mtu yuleyule zilizoandikwa mara mbili. Nikaziunganisha zote kwa amri moja.

Watu elfu nne mia tatu na kumi na sita wakatoweka. Mimi nikaiita kazi hiyo usafi.

Na niliifanya peke yangu, kwa neno la siri la mwenzangu. Hapo ndipo nilipokomea. Nilitaka kukomea hapo milele, lakini mficha uchi hazai.

Ofisini kwetu kuna desturi. Kabla amri yoyote haijagusa kadi za wagonjwa, mmoja anaandika, mwingine anasimama nyuma yake na kuisoma kwa sauti, neno kwa neno. Akiridhika husema, "Nimeona." Mpaka neno hilo litoke, hakuna kidole kinachogusa kitufe. Mfumo wenyewe hukataa kwenda mbele mpaka msomaji aweke neno lake la siri.

Desturi hiyo aliileta dada mmoja tunayemwita Kufuli. Tunamwita hivyo kwa sababu hata kikombe chake cha chai hukifunika kwa sahani, na akienda chooni huifunga kompyuta yake kwanza.

Jumanne ile alipigiwa simu kwamba mwanawe amepandwa na homa shuleni. Ripoti ya wiki ilikuwa ikingoja idhini yake. Akasimama katikati ya chumba, mkoba begani, hajui ashike lipi aache lipi. Mwishowe akanivuta mkono, akaniandikia neno lake la siri kiganjani kwa kalamu.

"Ni la ripoti tu, mdogo wangu. Ukimaliza, nawa."

Niliidhinisha ripoti. Sikunawa.

*

Jumatano Mkuu wa kitengo aliingia akisugua mikono.

"Mfumo unakimbia kama swala! Sijui mmeufanya nini, na msinieleze, maana nitasahau. Profesa, hongera."

Mimi ndiye Profesa. Nilitabasamu kwa unyenyekevu wa uongo. Nilikuwa nimeandaa hata hotuba fupi ya kuelezea usafi wangu, lakini ningeulizwa nani alinisomea. Nikaimeza hotuba. Sifa sikuzimeza, hizo nilizitafuna taratibu siku mbili nzima.

Ijumaa mlango wetu ukafunguliwa kwa kishindo. Akaingia Sista wa wodi ya watoto, kamshika mkono msichana wa miaka tisa, na nyuma yao bibi yake msichana, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi kwa sababu ya kukimbizwa.

"Nani hapa ndiye mtaalamu?"

Wote wakanitazama mimi.

"Soma," akanitupia karatasi.

Nikasoma. "Mgonjwa ana miaka sitini na minane. Maumivu ya magoti. Amejifungua mara saba."

"Bibi!" msichana akaruka. "Nina watoto saba!"

"Na hujaninunulia hata kanga," bibi yake akajibu.

Chumba kizima kikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana jasho jembamba lilikuwa limeanza kunitoka.

"Chekeni," Sista akasema, na sauti yake ikatuzima. "Mtoto huyu akipata penisilini koo linafunga. Kwenye kadi yake ya karatasi tuliandika kwa wino mwekundu. Leo nimefungua skrini yenu, hakuna wino mwekundu, hakuna mtoto. Kuna bibi wa magoti. Sindano nilikuwa nimeshaivuta. Kama si bibi huyu kunikamata mkono, saa hizi tungekuwa tunatafuta sanda."

Bibi akatoa simu kutoka kifuani. Kioo kimepasuka, mgongo umefungwa kwa mpira wa nywele.

"Baba, simu yetu ndiyo hii. Mimi namba hiyohiyo, mama yake hiyohiyo, yeye hiyohiyo. Mlituuliza namba, tukataja namba. Kwani tulikosea?"

Hawakukosea. Pale pale nilijua nilichokifanya. Sikushuku, nilijua, kama mtu anavyojua kuwa ameacha jiko linawaka.

Nikajitia hamnazo.

Mkuu akaifungua kadi. Mfumo wangu ulihifadhi jina la aliyeidhinisha mabadiliko ya mwisho, basi. Jina lilikuwa la Kufuli.

"Lini?" Mkuu akauliza.

"Haionyeshi," nikajibu.

Haikuonyesha kwa sababu nilipochora majedwali yale niliweka safu ya nani, nikaacha safu ya lini. Niliona inajaza nafasi bure. Kufuli aliniambia mara mbili niiongeze. Nilimjibu, "Wiki ijayo, dada."

"Leo asubuhi kadi za wodi ya watoto alizishika nani?" Mkuu akaendelea.

"Mimi," akasema Kufuli.

"Basi tumekwisha mjua mchawi."

Kadi ya msichana ikasahihishwa kwa mkono. Wakaamini kuwa iliyoharibika ni hiyo moja tu. Kufuli akanitazama kidogo, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyeazimisha kitu chake akangoja arudishiwe bila kuomba.

Mimi nikainamia kibodi, nikajifanya natafuta herufi.

*

Leo, Jumanne nyingine, saa tatu asubuhi, Mkuu aliniita.

"Kijana, funga akaunti ya Kufuli. Kikao cha nidhamu ni saa sita, na sitaki mtu mwenye kesi aguse mfumo."

"Mkuu, tunatakiwa kusomeana kwanza."

"Nimeona, nimeona," akasema, macho yake yakiwa kwenye simu yake. Akaweka neno lake la siri bila hata kugeuza shingo.

Nikamfungia nje mtu niliyeingia kwa ufunguo wake.

Niliporudi mezani ndipo nilipokumbuka jambo lililonikata maini. Kila siku saa saba mchana mashine yetu huchukua nakala ya akiba ya kadi zote. Tuna nafasi ya nakala saba tu. Nakala mpya huandikwa juu ya ile kongwe kuliko zote.

Nikahesabu kwa vidole, kama mtoto wa chekechea. Jumanne iliyopita nakala ilichukuliwa saa saba. Mimi nilifanya usafi wangu saa nane. Kwa hiyo katika nakala zote saba, moja tu ilikuwa na wale watu elfu nne na mia tatu wakiwa wazima: ile ya Jumanne.

Na leo saa saba ilikuwa inafutwa.

Aliyejua hilo duniani alikuwa mmoja tu, na alikuwa kakaa anahesabu vidole.

Ningesema nini, na ningeanza na jambo lipi? Kama ningenyamaza, Kufuli angeondoka, mimi ningebaki, na wagonjwa wangeendelea kuitwa kwa majina ya watu wengine mpaka siku bibi mwingine achelewe kushika mkono. Mtu mwenye moyo angeinuka saa ileile. Mimi nilikwenda kunywa maji. Nilikunywa glasi nne.

*

Kikao kilikaa kwenye chumba kidogo chenye saa kubwa ukutani. Mkuu mbele, Sista kulia, Kufuli peke yake upande wa pili. Karibu na mlango aliketi Bibi Masjala, ambaye ametunza mafaili ya hospitali hii tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa ameitwa alete kadi ya karatasi ya yule msichana, na aliikumbatia kama mtu aliyebeba kuku.

"Mwanangu," Mkuu akaanza, "ulimpa mtu yeyote neno lako la siri?"

"Nilimpa," akasema Kufuli.

Nikafumba kiganja changu.

"Nani?"

"Hilo sisemi, Mkuu. Kosa langu ni kumpa. Mimi ndiye ninayewafundisha wengine wasifanye hivyo. Alilofanya yeye, kama lipo, ana mdomo wake."

"Unamlinda mtu?"

"Namngoja."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasorobo.

"Mimi naomba kusema," Bibi Masjala akadakia. "Siku mfumo huu ulipoletwa niliuliza, wale wenye simu moja nyumba nzima mtawatenganishaje? Nikaambiwa, bibi, zama za makaratasi zimekwisha. Kila mtu ana simu."

"Nani alikuambia hivyo?" Sista akauliza.

Bibi Masjala akanitazama mimi tu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wangu ulikuwa umeshavimba hadi gotini.

Kwa maana siku ile alikuwa ameongeza neno moja, kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. Alisema, "Hata kwenu, mjukuu wangu. Kadi za kwenu niliziandika mimi kwa mkono huu. Namba moja, watu sita."

Ni kweli. Nyumbani simu yetu ilikaa kwenye kamba dirishani, mahali pekee iliponasa mtandao. Ikilia, aliye karibu aliitikia, awe ndiye anayetafutwa au siye. Mama na mama mkubwa wote wana sukari, na hospitali ikipiga kuwakumbusha siku ya sindano, yeyote aliyepokea alisema, "Ndiyo, ndiye mimi," kisha akapeleka ujumbe kwa mwenyewe. Dozi zao hazifanani. Ya mama mkubwa ni mara mbili ya ya mama. Tulikuwa tukiwatania kwamba hata sukari inamheshimu mkubwa.

Nilipofika chuoni sikumwambia mtu habari za kamba ile. Wenzangu walikuwa na simu mbilimbili. Nikajifunza kuongea kana kwamba nami nilikua hivyo. Nikajifunza vizuri mno, hata nilipokaa kuunda mfumo wa watu wangu, watu wangu hawakuwamo.

Saa saba kasoro dakika kumi.

"Kama hakuna la zaidi," Mkuu akasema, "niletee kitambulisho chako, mwanangu."

Kufuli akavua kamba ya kitambulisho shingoni. Ikanasa kwenye kilemba chake. Akahangaika nayo, na hakuna aliyemsaidia. Nadhani ni kule kuhangaika ndiko kulikonimaliza.

"Ni mimi," nikasema.

Sauti ilitoka kama ya mtu anayeota.

"Wewe nini?" Mkuu akauliza.

"Ni mimi niliyepewa neno la siri. Si kadi moja iliyoharibika. Ni watu elfu nne mia tatu na kumi na sita. Si Ijumaa. Ni Jumanne iliyopita, saa nane mchana. Niliandika amri mwenyewe, nikaipitisha mwenyewe, hakuna aliyenisomea."

Sista akashika kichwa.

Kufuli akaacha kamba ya kitambulisho ikining'inia nusu, sikioni. Akasema taratibu, kama asemavyo siku zote akiwa amesimama nyuma ya kiti changu:

"Nimeona."

Nilitamani anitukane. Kofi lingekuwa zawadi.

"Na kuna jingine," nikasema. "Nakala safi imebaki moja. Inafutwa saa saba."

Kufuli ndiye aliyeinuka wa kwanza. "Mashine iko mbele dakika nne!" akapiga kelele, akiwa tayari mlangoni. "Saa yake! Nilikuandikia kwenye daftari uirekebishe!"

Alikuwa ameniandikia. Nami nilikuwa nimejibu chini yake, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Wiki ijayo, dada."

*

Tulikimbia kwenye korido kama wezi wa kuku, Mkuu akihema nyuma yetu, kadi yake ya mlango mkononi. Chumba cha seva ni kidogo, kina baridi, kina kiti kimoja.

"Simamisha!" Mkuu akaamuru.

"Siwezi. Mwenye mamlaka ya nakala za akiba ni dada peke yake."

"Basi dada asimamishe!"

"Akaunti yake imefungwa."

"Nani mpumbavu aliyeifunga?"

Mkuu akafumba macho. Akakumbuka.

Nikaketi. Nikakosea mara mbili. Nikaandika amri ya kumfungulia.

"Mkuu, weka neno lako la siri."

Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliinama, akaisoma skrini, midomo ikicheza.

"Hapa inasema nini?"

"Inamrudishia akaunti yake, kama ilivyokuwa asubuhi."

"Nimeona," akasema. Safari hii alikuwa ameona kweli, lakini ilitugharimu dakika nzima.

Skrini ikageuka. *Nakala mpya inaandikwa juu ya nakala kongwe. Kumi na tisa kwa mia.*

Ilikuwa imeshaanza.

Nikainuka nimpishe Kufuli kiti. Hakuketi. Alinibonyeza bega, nikarudi chini.

"Andika wewe. Mimi nitasoma."

"Dada, hakuna muda."

"Jumanne ile nayo uliona hakuna muda. Andika."

Nikaandika. Ishirini na saba kwa mia. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, bila haraka. Katikati akasita.

"Nakala namba ngapi hiyo?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeandika namba ya nakala ya jana. Ningesimamisha kazi isiyokuwepo, na iliyokuwepo ingeendelea kula.

Nikafuta. Nikaandika upya. Thelathini na tatu.

"Mdogo wangu, ujue. Tukiikata katikati, huenda iliyobaki isifunguke. Tusipoikata, hakuna kitakachobaki."

"Najua."

Akasoma tena mpaka mwisho. Akainama, akaweka neno lake la siri. Halikuwa lile la kiganjani mwangu. Nililitambua kwa urefu. Alikuwa amelibadilisha siku ileile aliyorudi kazini.

"Nimeona," akasema.

Nikabonyeza.

Namba ikasimama. Thelathini na nane kwa mia. Feni za mashine zikaendelea kuvuma, na sisi watatu tukabaki tunaitazama ile namba kama watu waliofiwa wanaongoja kuambiwa kafa nani.

"Theluthi mbili hivi zimepona," Mkuu akasema, akijifuta jasho kwa tai. "Si ndivyo? Profesa, si ndivyo?"

"Sijui, Mkuu. Na naomba usiniite hivyo."

Kufuli aliitoa kamba ya kitambulisho sikioni, akaitazama, akaiweka juu ya mashine. Hakuivaa. Hakumpa Mkuu.

Hapo ndipo tuliposikia miguu ya mtu mzito kwenye korido, anapumzika, anakuja, anapumzika. Bibi Masjala akashika fremu ya mlango. Alikuwa bado na kadi ya karatasi ya yule msichana kifuani.

"Mjukuu wangu," akasema, na pumzi ikamkatikia. "Unajua leo ni siku gani?"

"Jumanne, bibi."

"Jumanne ni kliniki ya sukari. Nimepita pale chini. Mama yako yuko kwenye foleni."

Sikuwa nimezitafuta kadi za kwetu. Siku saba nzima, katika hesabu zangu zote, sikuwa nimewatafuta.

"Chumba cha sindano wameita jina la mama yako mkubwa," Bibi akaendelea. "Wameita mara mbili, kimya. Mara ya tatu mama yako akainuka. Unamjua alivyo. Hawezi kusikia jina la ndugu yake linaitwa bure."

"Akafanya nini?"

"Akaitikia, baba. Akasema, ndiyo, ndiye mimi. Mlango umeshafungwa."